Tuna milioni 2.88 za kuwachapishia waandishi wa Jinja, Uganda, tuzitumieje zisipotee?

Msomaji_Jinja
Habarini wanajukwaa. Kikundi chetu cha wasomaji kina watu 24, kila mmoja hutoa shilingi 20,000 kwa mwezi. Miezi sita imetimia, tuna 2,880,000. Tunataka kuchapa nakala 300 za hadithi za Kiswahili za waandishi watano wa hapahapa Jinja, kurasa 90, saizi ya A5. Kuna kijana yuko tayari kuchora jalada bure "ili ajulikane". Tuanzie wapi?

Kalamu_Kavu
Anzeni kwa kuikataa hiyo bure. Kujulikana hakununui rangi. Mpeni nusu akileta mchoro wa penseli, nusu akikabidhi kazi iliyokamilika. Mkilipa kwa simu, ongezeni ya kutolea: kuna ada ya wakala na kodi ya asilimia 0.5, na msipoiongeza mchoraji anapokea pungufu ya mlichokubaliana.

Halafu mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Chini ya sheria ya hakimiliki ya 2006, kazi iliyoagizwa bila makubaliano mengine ni mali ya aliyeagiza. Wachoraji wengi hudhani ni kinyume chake. Kwa hiyo andikeni kwamba mchoro ni wake, nanyi mnaruhusiwa kuutumia kwenye jalada la nakala hizi 300 tu. Mkitaka fulana au mabango, mnalipa tena. Waandishi watano nao kila mmoja atie sahihi yake, asiwepo wa kuwasainia wenzake.

Fundi_Wino
Kurasa 90 zitawasumbua. Karatasi kubwa ikikunjwa hutoa fungu la kurasa 16, kwa hiyo pangeni 96, yaani mafungu sita kamili. Zile sita za ziada wekeni wasifu wa waandishi na ukurasa wa hakimiliki.

Mwambieni mchoraji asimalize jalada kabla ya kujua unene wa kitabu. Kurasa 96 ni karatasi 48. Kwa karatasi ya gramu 80 mgongo unakuwa kama milimita 5. Jalada lote, mbele, mgongo na nyuma, lina upana wa 148+5+148 na urefu wa 210, ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande: 307 kwa 216. Akichora la mbele peke yake, fundi atalivuta lijae na nyuso zitapanuka kama maboga. Upande wa mbele uwe na pikseli zisizopungua 1,748 kwa 2,480, na kazi itumwe WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa, na kwenye karatasi inatoka na ukungu.

Rangi ziwe CMYK, yaani mfumo wa wino nne za uchapaji, tangu mwanzo. Ile buluu kali ya kwenye skrini ikibadilishwa mwishoni hufifia, kisha mchapaji ndiye analaumiwa.

Ndani, zimeni ukataji wa maneno wa programu. Hufuata silabi za Kiingereza, mkapata "kit-" mwisho wa mstari na "abu" mstari unaofuata.

Mkifika Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, ombeni bei mbili, ya dijitali (moja kwa moja toka kompyuta) na ya ofseti (kwa bamba). Bamba za ofseti gharama yake ni ileile uchape 50 au 2,000, kwa hiyo kwa 300 mara nyingi dijitali hushinda. Ulizeni pia kama bei ina VAT ya asilimia 18 ndani yake. Hapo ndipo bajeti nyingi hupasukia.

Boda_wa_Vitabu
Mimi sikubaliani. Kwa nini msinunue vitabu vya waandishi wetu vilivyokwisha kuchapwa? Vimejaa vumbi madukani.

Kalamu_Kavu
@Boda_wa_Vitabu una hoja, lakini hawa watano hawajachapwa popote. Nunua, ndiyo, ila usipige skani ukaisambaza kwenye kundi la WhatsApp.

Nyuma_ya_Kaunta
Ombeni ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, Maktaba ya Taifa ya Uganda kabla ya jalada kukamilika, kwa sababu msimbo wake unakaa nyuma ya kitabu. Toleo la kusomwa kwenye simu linahitaji namba yake peke yake.

Duka likipokea mali kauli, yaani linalipa vikishauzwa, mwandikiane idadi, tarehe ya kuhesabu na nani anabeba hasara ya nakala zilizochakaa. Likichukua asilimia 35 ya bei ya 25,000, kwenu inarudi 16,250. Fungu la waandishi litoke humo kila mnapohesabu, msisubiri nakala 300 ziishe.

Msomaji_Jinja
Asanteni sana. Mchapaji anataka malipo yote mwanzoni. Tumpe?

Fundi_Wino
Hapana ndugu. Kwanza nakala moja ya majaribio, iliyokatwa na kugundishwa, siyo PDF. Ikunjueni kabisa katikati: karatasi zikichomoka, gundi ni mbovu. Saini nakala hiyo, mwachie malipo ya awali, na salio mlipe siku ya kuchukua mzigo, baada ya kufungua boksi moja la juu na moja la chini.