Mjadala: Watoto wafundishwe kubiringika shuleni, au somo lisimamishwe?

Swali hili limezuka kwenye mkutano wa wazazi huku Umoja, Nairobi, na bado linatugawa: je, walimu wa shule za msingi waendelee kufundisha kubiringika na kusimama kwa mikono, au wangoje hadi shule zinunue magodoro? Mama mmoja alisema hakumpeleka mwanawe shule akavunjwe shingo. Alipigiwa makofi. Mimi nasema wafundishwe.

Watoto wetu hawangoji ruhusa. Pita Mathare au Kayole jioni uone vijana wakipiga samasoti, na wadogo wao wamepanga foleni nyuma wakiiga. Jiji hili limetoa wanasarakasi wanaolipwa kwenye majukwaa ya Ulaya, na pale Ngara kuna ukumbi mzima wa sarakasi. Kipaji kipo. Anayekosekana ni mtu wa kumwambia mtoto wa miaka minane kidevu akiweke wapi.

Na kidevu ndicho kila kitu. Mtoto anachuchumaa, viganja chini kwa upana wa mabega, kidevu kimebana kifua. Anainua makalio, anasukuma kwa miguu, na baada ya mikono kinachogusa chini ni kisogo na mabega, kamwe si utosi. Mwalimu anapiga goti kando, mkono mmoja kisogoni na mwingine mgongoni. Utosi ukigusa nyasi, zoezi linasimama hapo hapo. Kubiringika kinyumenyume ni kazi nyingine: mikono ikichelewa, uzito wote unaangukia shingo, kwa hiyo waanzie kwenye mteremko mdogo. Samasoti za hewani zisifanywe shuleni kabisa. Mtoto mwenye hali ya Down (Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo) asibiringike kabla daktari hajamwangalia, maana mifupa miwili ya juu ya shingo yake inaweza kuwa imelegea.

Shule isiyo na nyasi wala magodoro, yenye uwanja wa changarawe au lami, isimbiringishe mtoto yeyote. Hapo niko na yule mama kabisa. Lakini hata huko mtoto anaweza kufundishwa kusimama kwa mguu mmoja, kuruka, na kutua magoti yakiwa yamekunjwa. Kutua vizuri hakuhitaji pesa.

Mavazi yasitugombanishe. Wasichana wavae suruali za michezo, na wale wa Eastleigh, mtaa wenye Waislamu wengi, wakitaka kipindi chao peke yao bila wavulana, wapewe.

Jambo linalonitia hofu kuliko shingo ni mikono ya mwalimu juu ya mwili wa mtoto, na kwenye mkutano hakuna aliyeligusa. Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki Marekani. Aliwadhulumu wasichana kingono kwa miaka mingi akidai anawatibu, wakubwa wakapuuza malalamiko, hadi akahukumiwa 2018. Kwa hiyo mazoezi yafanyike uwanjani watu wakiona, mtoto aambiwe atashikwa wapi na kwa nini, na akikataa kushikwa asilazimishwe wala asichekwe. Shule isiyokubali masharti hayo, mimi mwenyewe nitamtoa mwanangu kwenye kipindi hicho.

Walimu wa gredi ya tatu na ya nne, nyinyi mlio na darasa la watoto hamsini na godoro moja, tuambieni mnagawaje zamu na nani anawaangalia wanaongoja. Wanaopinga nao waseme.