Fan Bingbing ndo amerudi kweli? Nimemaliza Green Night jana

binti_mwambao: Wakuu habari za humu. Jana usiku nimeangalia muvi ya Green Night mpaka mwisho na bado haijanitoka kichwani. Fan Bingbing, yule mwigizaji wa China, nilimjulia kwenye tamthilia ya The Empress of China, yale mavazi ya dhahabu na nywele zilizojengwa kama kasri, sasa humu yupo kule Korea, kavaa sare ya ukaguzi, anawapitishia abiria kile kifimbo mwilini, uso umechoka kabisa. Nilichelewa hata kuamini ni yeye. Hivi hapa tuseme amerudi? Na kwa nini muvi ngumu hivi, ya wanawake wawili na madawa ya kulevya, wakati angeweza kurudi na kitu chepesi?

Mzee_wa_Tamthilia: Dada angu kitu chepesi angekifanyia wapi? Kumbuka alikotoka. 2018 ilivuja mikataba yake ya kazi mtandaoni, ule mtindo wa kuandika mkataba mmoja wa kuwaonyesha watu wa kodi na mwingine wenye hela halisi, baada ya hapo dada wa watu akapotea hadharani miezi mitatu nzima, hapigwi picha haandiki kitu, mpaka Oktoba ndo akaomba radhi Weibo, ule mtandao wa kijamii wa China. Faini na malimbikizo ya kodi yeye na kampuni zake yuan milioni 883, karibu dola milioni 129. Na huyu alikuwa anaongoza orodha ya Forbes China ya mastaa miaka kadhaa mfululizo! Nyumbani mlango ulishafungwa, ndo maana karudi kwa mlango wa tamasha la filamu la Berlin, Februari 2023.

Kachero_G: Mi naomba nitofautiane kidogo. Stori katikati inalegea, matukio mengine yanakuja tu hayaelezwi, hilo lazima tuseme. Ila yule binti wa nywele za kijani, Lee Joo-young wa ile tamthilia ya Kikorea Itaewon Class, akiingia tu muvi inapata damu. Angalieni Fan anavyomtazama, hana maneno mengi maana Kikorea chenyewe ni cha ugenini kwake, basi anaigiza kwa macho na mabega tu. Miaka yote watu waliongelea uzuri wake, uigizaji wakausahau, na tuzo ya uigizaji ya tamasha la filamu la San Sebastián, Hispania, alishabeba tangu 2016.

mama_Zuu: Na tusimsahau mwongozaji, Han Shuai, mwanamke mwenzao. Kilichonigusa mimi ni ndoa ya yule dada anayeigizwa na Fan, mume anampiga na yeye yuko nchi ya watu anasaka hela ajikomboe. Wenzetu walioolewa ugenini wataielewa mapema sana hii. Yale mapenzi na yule binti nimeyaona kama mtu aliyezama muda mrefu sasa kaibuka kuvuta pumzi.

binti_mwambao: Asante mama Zuu, hapo kwenye ndoa ndipo nilipolia. Kumbe alikuwa na tuzo ya 2016, naitafuta hiyo muvi leo leo, mwenye nayo yenye maandishi ya Kiingereza chini anistue.

Kachero_G: Inaitwa I Am Not Madame Bovary. Picha imefungwa ndani ya duara karibu muvi nzima, usidhani TV imeharibika.