Opinel namba 8 au Victorinox Spartan: kinavyovutia mkononi na kinavyofaa kazini

Mchungwa wa Muheza
Wanajamvi, ninatumia visu hivi viwili vya kukunja kwa pamoja, Opinel ya chuma cha kaboni na Spartan, na ningependa kusikia maoni yenu kabla sijamnunulia kimoja mdogo wangu anayeanza kazi ya ubwana shamba. Mara ya kwanza kuvishika, Opinel ilishinda bila ubishi: ni nyepesi, mpini wake wa mbao unajaa kiganjani, na bapa lake la sentimeta 8.5 ni jembamba kiasi cha kupita katikati ya chungwa bila kulikamua. Spartan niliiona kama kifurushi cha vidude, na hadi leo kizibuo chake kilichojikunja mgongoni hunichoma nikikaza mkono. Hata hivyo, masika yalipoingia mambo yaligeuka, kwa sababu mbao ilifyonza unyevu, ikafura, ikalibana bapa hata ukucha ukashindwa kulitoa, ilhali Spartan ilifunguka kama kawaida.

Bi Nuru wa Pemba
Kaka Mchungwa, hiyo dawa yake ipo. Kiache kisu wazi mahali pakavu penye upepo, kisha tia mafuta kwenye maungio na ndani ya mfereji wa mpini, uyaache yanywewe na mbao. Kikikwama ukiwa shambani, zungusha pete ya chuma iliyo shingoni mwa mpini ifunguke, kisha gonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu na bapa litachomoza lenyewe. Wafaransa wa Savoie, kilikozaliwa kisu hiki mwaka 1890, ndivyo wafanyavyo. Usiogope pia rangi ya kijivu inayoelekea buluu inayotokea ukikata ndimu au embe bichi, kwani hiyo si kutu. Kutu ni ile nyekundu inayobaki kidoleni ukiipapasa. Mimi sikiachi chuma cha kaboni, maana mipito michache tu kwenye kinoo hurudisha makali.

Nahodha wa Lamu
Dada Nuru, maneno yako ni ya kweli kwa mtu wa bara au wa jikoni, lakini chomboni rangi hiyo haizuii chochote: chuma cha kaboni kikirushiwa maji ya chumvi jioni, asubuhi kina madoa mekundu. Ninayotumia mimi ni Opinel ya chuma cha pua, ambayo mpini wake hufura vilevile, ila bapa halinipi kazi. Jambo ambalo hamjaligusa ni pete yenyewe, iliyobuniwa mwaka 1955, ambayo hulifunga bapa lisikunjike. Springi ya Spartan hulishikilia tu, kwa hiyo ukisukuma ncha ndani ya fundo la kamba lililokaza, bapa linaweza kukurudia vidoleni. Kwa upande mwingine, mchanga ukiingia chini ya pete haizunguki mpaka uisuuze kwa maji baridi, na hapo tena unailowesha mbao. (Mabaharia tuna subira.)

Mtembezi wa Leeds
Nahodha, pete hiyo hiyo unayoisifu ndiyo inayonizuia mimi. Hapa Uingereza kisu cha kukunja kinaruhusiwa kutembea nacho bila kutoa sababu endapo bapa halina kifungio cha kulizuia lisikunjike na makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimeta 7.62. Namba 8 inakosa masharti yote mawili, hivyo hukaa nyumbani na jibini, na Spartan ndiyo inayokaa mfukoni.

Mchungwa wa Muheza
Nawashukuru. Hoja ya Nahodha kuhusu vidole ni nzito, ila mdogo wangu hatachokoa mafundo. Kazi yake kubwa itakuwa kubebesha michungwa, yaani kuunganisha vikonyo vyake, juu ya miche ya limau, ambako bapa refu husumbua kuliko kusaidia. Spartan ina bapa dogo ambalo unaweza kulitenga kwa vikonyo pekee na kulifuta kwa spiriti kila unapohama mche, huku lile kubwa likikata kamba za katani, ambazo humaliza makali upesi kuliko chochote shambani. Utomvu ukigandana kwenye maungio, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu huku ukifungua na kufunga, kisha tone la mafuta. Namnunulia Spartan. Bi Nuru, ni mafuta gani unayotia kwenye mbao? Ya nazi niliyojaribu yameacha harufu, na mfukoni yanavuta sisimizi.

Bi Nuru wa Pemba
Ya cherehani, kaka. Ya nazi tuachie sisi tupikie.