Ulinganisho: udongo upi kwa hereni za nyumbani? Sculpey III, Premo, Fimo Soft, Cernit au wa kukauka kwa hewa

Kibibi_T
Wadau, habari za kazi. Nataka kutengeneza hereni za kuning'inia, maumbo ya maua na matao, unene wa milimita 2 hadi 3. Nina oveni ndogo ya umeme ya mezani, kigae na kisukumio. Niko pwani, joto ni jingi. Naona kuna chapa za udongo wa polima, yaani udongo wa plastiki unaookwa mpaka ukawa mgumu: Sculpey III, Premo, Fimo Soft na Cernit, na wengine wanasema udongo wa kukauka kwa hewa unatosha. Upi unadumu sikioni, na kwa nini?

fundi_shanga
Dada Kibibi, Sculpey III itoe kwanza. Inakandika kirahisi na rangi zake ni nzuri, lakini ikishaokwa haina unyumbufu. Ncha ya petali ikigonga sakafu inakatika. Iache kwa shanga nene za duara.

Premo inatoka kampuni hiyohiyo, ila yenyewe hupinda kidogo kabla ya kuvunjika, na kitu chembamba kinachoning'inia kinahitaji hasa sifa hiyo. Fimo Soft iko katikati: ina nguvu ya kutosha kwa milimita 3, kwa milimita 2 ningesita. Cernit ni imara sana ikiokwa vizuri, na ina mng'ao wa ndani kama kauri. Kuna pia Kato, ambayo ni ngumu mno kukanda kwa mikono mitupu. Anayeanza aiache.

Joto la kuokea halifanani. Premo ni 130°C kwa dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Fimo ni 110°C kwa dakika 30. Cernit ni kati ya 110 na 130°C. Kato inataka 150°C. Ukichanganya aina mbili kwenye hereni moja, anza na joto la ile ya chini na uongeze muda.

Pendekezo langu: Premo.

Mzee_wa_Oveni
Nakubaliana na fundi kuhusu Premo, lakini Premo iliyookwa vibaya huvunjika kama Sculpey III. Watu wengi wanalaumu udongo wakati kosa liko kwenye oveni.

Kibibi, oveni ya mezani ina nondo za moto karibu sana na trei, na kitufe chake cha joto hakiaminiki. Nunua kipimajoto cha oveni na ukiweke palepale kwenye trei, kando ya hereni. Washa oveni na kigae kikiwa ndani, subiri dakika 20 mpaka sindano itulie, ndipo uingize kazi. Kigae kinatunza joto, kwa hiyo nondo zikiwaka na kuzimika halipandi na kushuka ghafla. Funika juu kwa foili iliyokunjwa kama hema, isiguse udongo. Bila hema, nyeupe na rangi za kupitisha mwanga hugeuka manjano.

Muda mrefu kwenye joto sahihi hauunguzi. Kinachounguza ni joto kuzidi. Kwa hereni za milimita 3 oka Premo dakika 45 hadi saa nzima. Weka na kipande cha majaribio cha unene uleule. Kikipoa, kikunje: kikipinda na kurudi, umefanikiwa. Kikikatika "tak", hakijaiva. Rudisha trei yote ndani.

Udongo huu ni PVC, aina ya plastiki, iliyochanganywa na kilainishi cha kuufanya ukandike. Ukiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayowasha macho na koo. Ukiona moshi, zima, fungua madirisha, toka nje. Na usiuoke kwenye maikrowevu.

nuru_vito
Fundi, kuhusu Cernit kwa mtu wa pwani nina pingamizi. Inalainika haraka mno kwenye mikono ya moto: ukiinua umbo kutoka kwenye kigae, tao linavutika na kuwa yai. Anayeitaka asiinue kabisa. Asukume juu ya kigae, akate hapohapo, aondoe mabaki ya pembeni, kisha aoke kigae chenyewe.

Udongo ukiwa laini kupita kiasi, usukume uwe bapa, uweke katikati ya karatasi nyeupe zisizo na maandishi, juu yake kitabu kizito, kwa saa chache. Karatasi itanyonya kilainishi. Utaona doa la mafuta. Usizidishe, utapukutika.

Kuhifadhi: kivulini, mbali na gari na dirisha la jua, maana joto kali huanza kuuivisha ukiwa ndani ya pakiti. Usiuweke kwenye vyombo vya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, udongo huvila. Mifuko ya kawaida ya chakula haina shida.

Kibibi_T
Asanteni sana. Na wa kukauka kwa hewa? Halafu vipini vya sikio nivigandishe kwa supaglu?

rehema_m
Wa kukauka kwa hewa, pamoja na ule unaopikwa nyumbani kwa konifulawa na gundi nyeupe, husinyaa unapokauka na hulainika ukipata maji. Kwa unyevu wa pwani na jasho la shingo, hata vanishi haiulindi muda mrefu. Unafaa maua ya kupamba meza. Kwa hereni, hapana.

fundi_shanga
Supaglu hukakamaa, na kipini hubanduka kikigongwa. Fanya hivi: oka hereni kwanza. Ikipoa, kwaruza mgongo wake kwa msasa pale kipini kitakapokaa, ufute kwa spiriti. Weka tone la udongo wa kimiminika (udongo huohuo wa polima ulio majimaji), kandamiza kisahani cha kipini, kisha funika kisahani chote kwa duara la udongo mbichi la unene wa milimita 1, lenye tundu la kupitisha kijiti. Bonyeza kingo zishike, oka tena dakika 30. Kisahani kimezikwa, hakina pa kutokea. Ukikosa udongo wa kimiminika, tumia epoksi ya mirija miwili na uiache saa 24. Chagua vipini vya chuma cha pua au titani, maana nikeli huwasha masikio ya wengi.

Mzee_wa_Oveni
Nyongeza kwenye umaliziaji. Mapovu hutokana na hewa iliyofungiwa wakati wa kukanda: kunja udongo, kisha sukuma mkunjo ukitangulia ili hewa itoke nyuma, na toboa povu kwa sindano kabla ya kuoka. Vumbi lifute kwa waipsi za mtoto kabla ya oveni. Baada ya kuoka, piga msasa ndani ya maji yenye sabuni: namba 400, 600, halafu 1000. Usipake rangi ya kucha, hata ile isiyo na rangi. Dawa zake hula udongo na uso hubaki unanata. Premo na Cernit zikishapigwa msasa vizuri, zisugue kwa kitambaa cha jinzi, hazihitaji kupakwa kitu.