Rangi za ramani ya tafiti za usimamizi wa miradi zinathibitisha nini?

Mwanafunzi, Tunguu
Assalaamu alaykum. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu mielekeo ya tafiti za usimamizi wa miradi. Nimepakua taarifa za makala kutoka Scopus, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, na kuchora ramani ya maneno msingi kwa programu ya VOSviewer. Ratiba na gharama zimetokea kwa rangi ya miaka ya nyuma, ilhali uendelevu na wadau vimetokea kwa rangi ya miaka ya karibuni. Je, ninaweza kuandika kwamba watafiti wameacha ratiba na kuhamia kwenye uendelevu? Msimamizi wangu ameirudisha sura hiyo ikiwa na alama ya kuuliza tu.

Mhadhiri mstaafu, Chake Chake
Waalaykumu salaam, mwanangu. Alama hiyo ina haki yake. Rangi hizo ni wastani wa miaka ya makala zinazolitumia neno, kwa hivyo neno lenye umri mrefu huvutwa nyuma na makala zake kongwe hata kama kila mwaka bado linaandikiwa. Ratiba ina umri huo: mbinu ya PERT, ya kupangia ratiba za miradi, ilibuniwa katika jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, ilhali jarida la International Journal of Project Management lilianza kuchapishwa mwaka 1983. Hesabu makala za kila neno kwa kila kipindi cha miaka mitano, kisha uzigawe kwa jumla ya makala za kipindi hicho, maana machapisho yote yameongezeka. Ramani ya kazi zinazonukuliwa pamoja itakuonesha misingi ambayo fani imejengwa juu yake. Ukitaka kuona ya sasa, ziunganishe makala kwa marejeleo zinayoshiriki, kwani hapo makala mpya huingia bila ya kungojea kunukuliwa.

Mkutubi, Wete
Namuunga mkono mwalimu, ila mimi ningeanzia kwenye maneno uliyotafutia, ambayo hukuyataja. Anayetega jarife, wavu wa matundu makubwa, hawezi kuilaumu bahari kwa kukosa dagaa: ukitafuta kifungu kimoja tu, tafiti za ujenzi au za miradi mikubwa zisizokitumia kifungu hicho hutaziona. Kisha safisha taarifa, khasa majina ya waandishi yaliyoandikwa kwa namna mbili na maneno ya umoja na wingi, ambayo programu huyahesabu kuwa vitu tofauti mpaka uyaunganishe mwenyewe. Kumbuka pia kwamba Scopus hudai ikisiri ya Kiingereza, na ripoti nyingi za miradi ya visiwani kwetu haziingii humo kabisa. Kwa hivyo usiandike “watafiti” kana kwamba umewahesabu wote.

Mwanafunzi, Tunguu
Ahsanteni sana. Kwa kweli nilitafuta kifungu kimoja, tena ndani ya vichwa vya makala pekee. Nitarudia utafutaji kwa kujumuisha ikisiri na maneno msingi, na neno “wameacha” nimekwishalifuta.