Vigo yenye shokapu ndefu: kwenye rasta (mawimbi madogo ya barabara ya vumbi) pua inazama halafu inagonga, nikaze au nilegeze?

VigoYaLengai
Wakuu habari za jioni. Nina pikapu ya Toyota, Vigo 3.0 dabo kebini, napeleka chakula na vifaa vya kambi kutoka Mto wa Mbu hadi Ngare Sero mara mbili kwa wiki, na mara nyingine nasogea mpaka Wasso. Anayeijua njia ile anajua, ni rasta, vumbi la majivu ya volkano ya Lengai, korongo, rasta tena. Mwaka jana nilinunua seti iliyotumika kutoka Dubai, wishboni (mikono inayoshika tairi) ndefu za juu na chini pamoja na shafti zake, na shokapu za inchi 2.5 zenye vichupa vya gesi pembeni, mbele na nyuma. Tairi la mbele sasa linatembea kama inchi 12 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa.

Springi zilizokuja na hizo shokapu zimeandikwa 700 (ugumu wake, pauni kwa inchi), mwenye nazo alikuwa na bampa la chuma na winchi, mimi sina. Gari ilikuwa ngumu kama mkokoteni nikabadilisha nikaweka 550. Pua ikashuka, nikazungusha ringi ya kubania springi mpaka ikanyanyuka, halafu nikaongeza kidogo gari iwe na sura.

Tatizo ndo hili: rasta fupi ya mita 20 napita kama niko kwenye lami. Ikiwa ndefu, nikiwa 60 hivi, naona kabisa pua inakaa chini na haipandi, halafu hata kijiwe kidogo inagonga bampastopu, ule mpira wa mwisho wa kuzuia, mpaka dashibodi inalia. Na nikipita tuta haraka, pua ikinyanyuka nasikia ngo! ya chuma. Gereji moja waliniambia shokapu laini, kaza. Nikafunga nobu (vifundo vya kurekebishia) za kwenye vichupa zote mpaka mwisho na imekuwa mbaya zaidi, juzi nimefika na trei tatu za mayai zimekuwa uji. Nimetumia hela nyingi kwenye hii gari jamani, nisaidieni.

Marram254
Sasa boss. Kabla uguse shoka, tairi ziko na pressure ngapi? Watu wengi wanatembea na 40 kwa sababu wamebeba mzigo alafu wanalaumu shoka. Mimi huku Naivasha nikitoka lami nashuka mpaka 28, na compressor iko kwa gari ya kurudisha. Rasta inapiga tairi kwanza, shoka inapata ile imebaki.

Alafu fanya hivi, mwambie mtu aendeshe gari ingine sambamba na wewe akuchukue video ya tairi ya mbele na simu, slow motion, mahali pa wazi msije mkagongana. Utaona kama tairi inarudi chini ama imeshikwa huko juu. Hiyo video ilinimalizia ubishi wa miezi.

FundiSpringi_AR
Mkuu pole sana, na hongera kwa kueleza vizuri maana wengi wanaandika tu "gari inagonga". Una matatizo mawili tofauti na umeyapa dawa moja, tena siyo yake.

La kwanza hiyo ngo. Ringi haibadilishi ugumu wa springi hata kidogo, 550 inabaki 550, inachofanya ni kunyanyua gari. Ukinyanyua sana shokapu inakaa karibu imeisha kufunguka, kwa hiyo pua ikipanda kidogo tu pistoni inafika mwisho na kugonga. Chukua tepu, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda gari ikiwa chini, halafu piga jeki tairi lining'inie upime tena. Niambie tofauti ni ngapi, kwa gari yako nataka kuona kama sentimita 10.

La pili ndo linalokula mayai yako. Hesabu kidogo: spidi ya 60 ni kama mita 16.7 kwa sekunde, na mawimbi ya rasta tuseme yameachana sentimita 80, hapo tairi linapigwa zaidi ya mara 20 kila sekunde. Kila likipigwa shokapu inafunga, na lazima ifunguke kabla ya pigo linalofuata. Kama rebaundi, yaani breki ya shokapu inapofunguka, ni nzito haiwahi, inafunguka nusu inapigwa, robo inapigwa, ndani ya sekunde mbili tatu umekalia bampastopu kwenye barabara ambayo haina hata shimo. Ndo maana mita 20 unapita vizuri.

Sasa angalia hiyo seti ilikotoka. Rebaundi ilipangwa kuzuia springi ya 700. Wewe umeweka 550, msukumaji amepungua nguvu lakini breki yake imebaki ileile. Na zile nobu ulizofunga ni za kompresheni, ni za shokapu inapofunga, hazigusi rebaundi. Zilegeze zote mpaka mwisho, kisha kaza klik 4 ukihesabu, mbele na nyuma sawa, uandike kwenye karatasi. Kuanzia hapo badilisha kitu kimoja kwa safari moja, ukigusa viwili hutojua kipi kimefanya nini.

Funga na zipu tai (kamba ya plastiki ya kubania) kwenye fimbo ya shokapu, iguse sili. Pita kilomita 2 za rasta tupu isiyo na korongo, simama, angalia imesukumwa mpaka wapi. Ukishasimama gusa vichupa vyote vinne kwa haraka haraka, angalia usiungue.

BuMsaada_Muscat
Assalaam aleikum ndugu zangu. Fundi kasema kweli tupu. Mie nipo Maskati, tunakwenda jangwa la Wahiba kuchezea mchanga, na seti nyingi mnazozipata kutoka huku Ghuba zilipangwa kwa ajili ya mchanga. Vilima vile ni vikubwa, gari inapanda na kushuka polepole, sasa mtu anataka rebaundi nzito gari isimrushe akitoka juu ya kilima. Rasta kitu chengine kabisa. Miye mwenyewe niliipeleka gari yangu kwenye njia za mawe za milimani na ikanitesa vivyo hivyo mpaka nikafunguliwa shokapu.

Pima na gesi pia, yakhe. Lakini nakutahadharisha, kichupa ni kidogo, ukichomeka geji gesi inaingia kwenye mpira wa geji na pressure inashuka palepale. Usichungulie kila siku, pima siku ambayo una nitrojeni ya kurudishia.

VigoYaLengai
Nimerudi wakuu, nimefanya yote.

Tairi zilikuwa 42. Nimeshusha 28 mbele, 32 nyuma kwa sababu ya mzigo, tofauti niliisikia hata kabla ya Engaruka.

Tepu: gari ikining'inia 66, ikisimama 61. Yaani sentimita 5 tu, aibu. Nimelegeza ringi mpaka inasimama 56, ngo imekufa kabisa, nimepita matuta yaleyale mara tatu kuhakikisha.

Zipu tai sasa. Kilomita 2 za rasta, hakuna shimo hata moja, zipu tai zote mbili za mbele zimefika kwenye mpira wa bampastopu. Na video mdogo wangu kanichukulia, tairi linatetemeka huko juu ndani ya fenda kama limefungwa kamba, halishuki. Nilikaa kwenye bonde pale nikaiangalia mara sita.

Halafu vichupa. Viwili vya mbele moto, nyuma kushoto moto, nyuma kulia nimeweka kiganja chote nikakiacha. Baridi, cha moto ni jua tu. Hiyo ndo nzima kuliko zote au vipi?

FundiSpringi_AR
Hiyo imekufa mkuu. Kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, isiyopata moto haifanyi kazi. Futa vumbi kwenye fimbo yake, nadhani utakuta tope la oili pale kwenye sili.

Za mbele zilete nizifungue. Gesi inatolewa yote kwanza, mtu asikudanganye kufungua ikiwa na pressure, kile kifuniko kinaweza kukutoa jicho. Ndani kwenye pistoni kuna vibati vyembamba vya duara vimepangwa kama sahani, upande mmoja vya kompresheni na mwingine vya rebaundi. Kama vya rebaundi ni vya inchi 0.015 nashuka hadi 0.012. Inaonekana kidogo lakini ugumu wa bati unaenda kwa unene mara tatu, 0.012 ina karibu nusu tu ya ugumu wa 0.015, kwa hiyo huwa sibadilishi vyote kwa mpigo. Oili mpya, tunatoa hewa yote, nitrojeni psi 200. Nitrojeni naipata kwa mafundi wa AC na mafriji, wana mitungi na regyuleta. Upepo wa kompresa sikuwekei, una maji.

VigoYaLengai
Wiki mbili baadaye. Fundi alikuta vya 0.015 vimejaa upande wa rebaundi, kabadilisha vinne. Jana nimepita kipande kilekile, 60 ileile, klik 4 zilezile, zipu tai imebaki vidole vitatu kabla ya bampastopu. Nikaongeza klik 2 kwa ajili ya makorongo, vikabaki vinne na gari haijawa ngumu. Naendesha kwa mkono mmoja sehemu ambazo nilikuwa nauma meno. Mayai trei sita, limepasuka moja.

Ya nyuma kulia sili imekatika kweli, fimbo ina mchubuko wa jiwe urefu wa kucha, nasubiri sili na fimbo kutoka Dubai. Jumamosi nina mzigo wa kilo 400 kwenda Wasso, naweza kwenda hivihivi polepole?

FundiSpringi_AR
Usiende hivyo. Nyuma itarukaruka upande mmoja na ile ya kushoto itabeba kazi ya mbili mpaka nayo ichemke ikate sili. Pitia Ijumaa asubuhi nikufungie za kawaida za nyuma, zote mbili, hizo ndefu uzitoe kwanza. Na uje na bushi mpya za springi za nyuma, niliziona siku ile, zimeisha.