Tumenunua trela la kulala la mtumba, maji ya moto hayatoki na choo kinanuka, naombeni msaada wa haraka

BabaZuu_Ohio
Wakuu habari za muda huu. Niko Columbus, Ohio, na wife na watoto wanne. Tumenunua trela la kulala, zile nyumba za kukokota nyuma ya gari wazungu wanaendaga nazo kambi, ni la 2015, futi 25, mzee mmoja katuachia kwa bei ya kutupa. Jana tumeunganisha mpira wa maji hapa nje tujifunze, kufungua bomba linatoa maji ya pinki yenye povu, watoto wakakimbilia vikombe wanasema juisi. Baadaye yakawa safi ila bomba la moto linatoa ya baridi tu. Halafu choo, aisee, harufu mpaka macho yanawasha. Mzee alisema yeye akifika kambini alikuwa anaacha valvu ya tanki wazi, uchafu unajiendea wenyewe. Ijumaa tunaenda kambi Hocking Hills na kiwanja nimeshalipia. Nifanyeje?

Chapati_Ngumu
Umeacha nyumba yenye choo umeenda kununua choo chenye matairi 😂😂

MamaSalha
Mimi trela silijui, ila marehemu mume wangu alinunua boti Tanga bila kuniambia, haikuingia majini hata siku moja, ikakaa uani mpaka kuku wakawa wanatagia mle. Mwenzio umemshirikisha lakini?

Dereva_wa_Dallas
Maji ya pinki ni dawa ya kuzuia mabomba yasigande baridi, yaache yatoke mpaka yaishe, usiwape watoto. Wakati wa kuweka dawa hiyo watu huzungusha valvu maji yasiingie kwenye boila, bila shaka bado iko hivyo, irudishe. Na boila USIWASHE kwa umeme kabla halijajaa, kile chuma cha kuchemshia kitaungua hapo hapo. Choo: ukiacha valvu wazi maji yanakimbia, mzigo unabaki unakauka chini, ndo hiyo harufu. Funga, mwaga maji mengi, fungua tanki likikaribia kujaa. Tairi nazo angalia tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni mwa tairi, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016, ukikuta hivyo usitoke nazo hata zikiwa na meno mazuri. Unavuta na gari gani?

BabaZuu_Ohio
Ubarikiwe sana mkuu. Gari ipo, nzima kabisa. Hiyo valvu ya boila iko upande gani?

Dereva_wa_Dallas
Nyuma ya boila, kwa ndani, fungua kibao chini ya kabati. Nimeuliza gari GANI.

MamaSalha
Baba Zuu jibu swali la watu.

BabaZuu_Ohio
Toyota Sienna, ile gari ya familia. Ila kabla hamjaanza, ni V6, na chuma cha kukokotea nimeshafungiwa na fundi na pesa kachukua. Ni maili kama 50 tu, barabara ya 33, nitaenda mdogo mdogo.

Chapati_Ngumu
Sisimizi kaoa tembo 😂

Dereva_wa_Dallas
Kaka. Sienna mwisho wake ni pauni 3,500. Soma kibandiko cha trela lako, la futi 25 likishabeba vitu huwa linakaribia mara mbili ya hapo. Pua ya trela peke yake inatakiwa ilale kwenye gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, hapo kuna nyie sita na friji la nyama. Nyuma ya gari itakaa chini, usukani unakuwa mwepesi, lori likikupita mkia unaanza kupiga kushoto kulia na hapo hakuna cha mdogo mdogo. Breki za trela umeunganisha?

BabaZuu_Ohio
Fundi kasema taa zinatosha.

Mtumishi_Iringa
Hilo siyo tatizo. Tatizo ni kwamba wazee nyumbani hujawapigia hata bati, wewe unanunua nyumba ya kutembea. Tutafakari.

BabaZuu_Ohio
Mtumishi, bati nilipiga zamani, tena la migongo mipana. Tuendelee.

Kipanga_Mkali
Hii chai jamani. Kwenye picha aliyoweka mlango wa trela uko kushoto. Marekani unakuwa kulia, upande wa ukingo wa barabara. Hiyo ni karavani ya Uingereza kaokota mtandaoni.

MamaSalha
Eeh! Na mimi nilishaanza kumwombea.

Chapati_Ngumu
Chai ina tangawizi kabisa

BabaZuu_Ohio
Jamani picha kapiga wife kwa kamera ya mbele. Someni maandishi kwenye kofia yangu.

Kipanga_Mkali
Nimekuza. Yamegeuka kweli. Ila mtu wa Sienna na futi 25 bado namtilia shaka.

Dereva_wa_Dallas
Iwe chai isiwe chai, kuna atakayesoma hapa naye ana Sienna. Tafuta mwenye pikapu kubwa yenye kifaa cha breki za trela akuvutie mpaka kiwanjani, nyie mfuate nyuma na gari yenu.

BabaZuu_Ohio
Wife kasoma uzi wote, ufunguo wa Sienna kauficha. Kuna mzee wa kanisa ana pikapu kubwa, F-250, na hicho kifaa anacho, kakubali kutuvutia bure. Ila anataka naye alale humo na familia yake, wako saba, na mkewe kasema hapandi kitanda cha juu. Wakuu, hapo mnanishaurije?

Dereva_wa_Dallas
Fungua uzi mwingine.